Waraka Upelekwe kwa Jirani

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya karatasi. Naam, karatasi zile za masomo ya Shule ya Jumapili, ambazo katika makanisa mengi hufungiwa kabatini kana kwamba ni fedha za sadaka.

Fungueni Waraka kwa Wakolosai, mlango wa 4, aya ya 16. Mtume Paulo yumo kifungoni. Waraka wake unachukuliwa na Tikiko, pamoja na Onesimo, mpaka Kolosai, mji uliokuwa katika bonde la mto Lycus, nchi ambayo leo ni Uturuki. Karibu na mwisho anawaagiza neno ambalo wengi wetu hulipita upesi: wakiisha kuusoma, wahakikishe unasomwa na katika kanisa la Laodikia, nao wausome ule utakaotoka Laodikia. Miji hiyo haikuwa mbali, yapata kilomita 18 tu, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Paulo hataji bei. Wala hasemi Walaodikia waandike wao wenyewe.

Twalitaja hilo kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita waalimu wa parishi yetu waliandika masomo 12 juu ya mifano ya Bwana Yesu, kwa maneno yao wenyewe, na picha zikachorwa na kijana mmoja wa kwaya. Mwalimu wa kanisa jirani, la dhehebu lingine, akaja kuomba nakala. Sisi tukamwambia angoje kamati. Kamati nayo ikauliza, mbona wasiandike yao? Akarudi mikono mitupu. Haikuwa imani iliyotuzuia, ndugu zangu, ulikuwa wivu. Tulihofu kwamba watoto wakiyapata masomo yale kule, watahamia kule.

Lakini kugawa nako kuna utaratibu wake. Kumpa jirani kitu cha mtu mwingine si ukarimu. Wako watu wanaotoa nakala ya kitabu kizima kilichoko dukani, wakasema ni kwa ajili ya Injili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ndiyo sababu twasisitiza kwamba masomo ya kugawa bure yawe yale mliyoyatunga wenyewe. Na jambo hili wengi hawalijui: sheria iyo hiyo humlinda hata mwalimu wa kijijini na daftari lake, tangu alipoliandika. Kwa hiyo mwalimu mwenye dhamiri akizipata karatasi zenu, hana ruhusa mpaka mmempa. Mpeni basi! Andikeni chini ya ukurasa wa kwanza jina la parishi, na mwaka, na ya kwamba kanisa lo lote laweza kunakili, kutafsiri na kubadili, ila lisiuze. Mistari mitatu yatosha. Na yule kijana wa kwaya aulizwe kwanza, maana picha ni zake.

Je, na tofauti za mafundisho? Zipo, tusizifiche. Sisi Waanglikana hubatiza watoto wachanga. Ndugu zetu Wabatisti hawafanyi hivyo. Somo la ubatizo kila kanisa na liandike lake. Lakini Msamaria Mwema ni wa dhehebu gani? Tukumbuke kwamba sisi Waanglikana wenyewe tulikuwa na Biblia mbili za Kiswahili, ya Unguja iliyokamilika mwaka 1891 na ya Mombasa iliyokamilika mwaka 1914, kila moja kwa lahaja yake. Biblia ya Muungano ilikuja kutoka mwaka 1952, na leo Mpresbiteri, Mmethodisti na Mlutheri huisoma pamoja nasi. Wale waliokubali kuliacha neno walilolizoea, ili jirani naye aelewe, walifanya kazi ngumu kuliko hii tunayoiomba.

Mwaka uliofuata tulimwendea yule mwalimu, tukamwomba radhi, tukampa masomo yote 12. Baada ya Pasaka alituletea nakala yake, imeandikwa upya kwa mkono. Katika somo la kondoo aliyepotea alikuwa amekata mstari mmoja. Sisi tuliandika kwamba wale 99 walifungiwa zizini salama. Yeye aliandika kwamba waliachwa nyikani, akaweka pembeni: Luka 15:4. Kosa hilo lilikuwa limepita mbele ya wachungaji, wazee na kamati nzima.

Nakala tunayofundishia sasa ni yake.