Ndege ndogo yenye kamera: itatusaidia nini kwenye migomba?



Siku hizi watu wa vyuo vikuu wanakuja mashambani na ndege ndogo isiyo na rubani, ile wengi wanaita droni. Hivi karibuni tulienda kuangalia timu moja ikijaribu ya kwao juu ya migomba, huku Kivu Kusini. Tunawaeleza tuliyoyaona, kusudi siku wakifika kwenu mujue cha kuuliza.

Mashine yenyewe ni nyepesi, mtu anaibeba kwa mkono mmoja. Ina pangaboi nne ndogo, na kamera chini ya tumbo. Mtu anaiongoza akiwa chini, na video inaonekana palepale kwenye kioo alichoshika. Batri haikumaliza hata nusu saa. Mvua ikinyesha ao upepo ukizidi, hairuki.

Kwa nini migomba? Mnyauko ulionekana hapa Kongo mwaka 2001, kule Masisi, kisha ukaenea. Kutembea shamba kwa shamba kwenye milima yetu kunakula siku nyingi, na ugonjwa haungoji. Ukiangalia toka juu, unaona upesi wapi majani yamegeuka manjano. Mwaka 2020 watafiti walitoa matokeo ya kazi ya namna hii waliyofanya Kongo na Benin: walifundisha kompyuta kutofautisha, kwenye picha za juu, mgomba mzima na mgomba mgonjwa.

Lakini tusidanganyike. Kamera inaona rangi, haioni sababu. Siku ile video ilionyesha manjano sehemu mbili. Agronomu alienda kwa miguu. Pa kwanza alikata shina, yakatoka maji mazito ya manjano: mnyauko. Pa pili ilikuwa udongo uliochoka tu. Kama tungefuata video peke yake, mama mwenye shamba lile la pili angekatiwa migomba yake bure.

Kuna pia woga. Ndege iliporuka, watoto walishangilia, lakini wakubwa wengine walikimbilia ndani ya nyumba. Tunawaelewa. Droni za MONUSCO zilianza kuruka Goma mwezi wa 12 mwaka 2013, na kwa wengi wetu droni ni kitu cha vita. Shefu wa kijiji alikuwa amepewa habari, ila habari haikufika kwa kila nyumba. Hilo ni kosa ambalo ushirika unaweza kulizuia.

Basi, mbele ya ndege kuruka kwenu, muulize:
- Viongozi wametoa ruhusa, na kila nyumba imejulishwa siku na saa?
- Picha zitawekwa wapi, na nani ataziona?
- Mutarudi lini kutuonyesha matokeo?
- Nani atatembea shambani kuhakikisha mbele ya kukata?

Na kama hawaji? Kazi iko mikononi mwetu. Kata shina gonjwa chini kabisa, karibu na udongo. Pitisha kisu kwenye moto ao kioshe na javeli mbele ya kugusa mgomba mwingine. Vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara tu chane ya mwisho ikitoka. Usichukue miche penye ugonjwa.

Ndege inaweza kutuonyesha pa kuanzia. Kisu safi ndicho kinaokoa shamba.