Sifan Hassan: mkimbizi aliyegeuka mkimbiaji

Kila msimu wa UMITASHUMTA unapokaribia, swali lile lile hurejea katika nyumba za Waislamu wa Kigwa na sehemu nyingine za Tabora: je, binti aachwe akimbie? Baba husitasita, mama hunyamaza, na binti mwenyewe, aliyezoea kwenda shule na kurudi kwa miguu, huwa amekwisha kuwapita wenzake wote njiani. Hatukusudii kutoa fatwa. Tunakusudia kusimulia habari za mwanamke mmoja.

Sifan Hassan alizaliwa mwaka 1993 katika mji wa Adama, Ethiopia. Mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia Uholanzi akiwa mkimbizi. Nchi hiyo ya baridi huwaenzi mno mabingwa wake wa mbio za kuteleza juu ya barafu. Yeye hakwenda kwenye barafu. Alisomea uuguzi, na kando ya masomo akaanza kukimbia. (Kiswahili chetu kimelitambua jambo hili zamani: mkimbizi na mkimbiaji ni watoto wa kitenzi kimoja.) Alipata uraia Novemba 2013, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa Ulaya wa mita 1,500.

Mwaka 2019 aliweka rekodi ya dunia ya maili moja, dakika 4 na sekunde 12.33, kisha huko Doha akatwaa ubingwa wa dunia wa mita 1,500 na wa mita 10,000 katika mashindano yale yale, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Katikati ya mashindano hayo, kocha wake, Alberto Salazar, alifungiwa miaka minne kwa makosa yanayohusu dawa zilizokatazwa michezoni. Sifan hakushitakiwa kwa lolote. Hata hivyo, alilazimika kukimbia huku macho ya shaka yakimfuata.

Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, alianguka mzunguko wa mwisho wa mchujo wa mita 1,500. Akainuka, akawapita wote waliokuwa mbele yake, akawa wa kwanza. Usiku wa siku hiyo hiyo akashinda fainali ya mita 5,000. Aliondoka Tokyo na dhahabu mbili na shaba moja.

Lakini sisi tunavutiwa zaidi na London, Aprili 2023. Ilikuwa marathoni yake ya kwanza, na sehemu ya maandalizi yake ilikuwa ndani ya Ramadhani, naye akifunga. Idd ilikuwa imepita siku moja au mbili tu. Njiani nyonga ilimuuma, akasimama kujinyoosha, akaachwa. Aliwafuata wenzake taratibu, akawafikia, akashinda kwa saa 2:18:33. Marathoni ni kilomita 42 na ushei. Wapagazi wa misafara iliyopita Kigwa ikielekea Unyanyembe wangeyagawa masafa hayo kwa siku mbili au tatu, mzigo begani.

Huko Paris, Agosti 2024, alipata shaba katika mita 5,000 na tena katika mita 10,000, kisha, baada ya kupumzika siku moja tu, akaingia marathoni. Karibu na mwisho aligusana mabega na Tigst Assefa wa Ethiopia, akachomoka, akamshinda kwa sekunde 3. Malalamiko ya Waethiopia yalikataliwa.

Medali yake alivishwa katika sherehe ya kufunga michezo, naye amevaa hijabu. Na hapo ni Ufaransa, nchi iliyowakataza wanamichezo wake wenyewe kuivaa katika michezo hiyo. Mkimbiaji wake Sounkamba Sylla alilazimika kuvaa kofia ili ashiriki sherehe ya ufunguzi.

Mbioni Sifan huvaa mavazi ya kawaida ya riadha, na tunajua wasomaji wetu wengi hawatayaridhia kwa binti zao. Wana haki. Ila suruali pana, mikono mirefu na mtandio uliobanwa vyema ni kazi ya siku moja kwa fundi cherehani, na mwalimu wa michezo ni mtu wa kuendewa na kuzungumza naye sasa, kabla ya majina ya timu ya shule kuandikwa.