Kijana Si Mvivu, Kengele Ndiyo Inayowahi

Majira ya joto ya mwaka 1976, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Mary Carskadon, aliwakaribisha watoto wa miaka 10, 11 na 12 kwenye kambi ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kulala. Mchana walicheza. Usiku walibandikwa nyaya za vipimo kichwani na kupewa saa 10 nzima za kuwa kitandani. Mwaka uliofuata walirudi, na mwingine tena, huku sauti za wavulana zikiwa nzito na wasichana wakivunja ungo. Carskadon na mwalimu wake, William Dement, walitarajia kuthibitisha jambo ambalo karibu kila mzazi analiamini, kwamba mtoto akikua haja yake ya usingizi hupungua.

Haikuwa hivyo. Watoto na vijana walilala muda uleule, saa 9 na ushee. Ajabu kubwa zaidi ilionekana mchana. Kila baada ya saa 2 waliingizwa kwenye chumba chenye giza, wakalala chali, na mtafiti akahesabu dakika ambazo kila mmoja alichukua hadi kupitiwa na usingizi. Wadogo walibaki macho. Waliokwisha kubalehe, ambao usiku walilala sawasawa na wenzao, walisinzia upesi zaidi. Mwili unaojenga mifupa na misuli na kuupanga upya ubongo ulikuwa bado unadai usingizi.

Basi kwa nini kijana huyohuyo anayesinzia adhuhuri, ikifika saa 4 usiku macho yanamng'aa?

Jibu lilichukua miaka mingi kupatikana, na lilipatikana kwenye mate. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho zinapopishana, kuna fungu la seli kama 20,000 zinazoongoza mwendo wa mwili kwa mzunguko wa karibu saa 24: lini joto la mwili lipande, lini lishuke, lini usingizi uje. Mwanga wa asubuhi huirekebisha saa hiyo kila siku. Jinsi jeni zinavyoiendesha ndani ya kila seli ndiyo kazi iliyowapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2017. Jioni saa hiyo huamuru homoni ya melatonini iingie kwenye damu, na kiasi chake huonekana hata kwenye mate. Ukikusanya mate ya mtu kila nusu saa, akiwa kwenye mwanga hafifu, unajua usiku wa mwili wake umeanza saa ngapi. Kwa vipimo vya namna hiyo Carskadon, ambaye sasa alikuwa Chuo Kikuu cha Brown, aliona kwamba saa ya mwili ya kijana anayebalehe huchelewa ikilinganishwa na ya mtoto. Ucheleweshaji huo unaweza kufika hata saa 2.

Kuna la pili. Tangu tunapoamka, haja ya kulala hujikusanya tone kwa tone kama maji kwenye mtungi, na mtungi ukijaa macho hufumba. Mtungi wa kijana hujaa polepole kuliko wa mtoto. Ndiyo maana anaweza kukaa hadi usiku mwingi bila kusikia uzito wa macho, na bado akilala anahitaji saa zake zote. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa mwenye miaka 13 hadi 18. Sasa piga hesabu ya mwanafunzi wa sekondari anayepata usingizi saa 5 usiku na kuamshwa saa 10:30 alfajiri ili awahi gari. Amelala saa 5 na nusu. Kesho yake hivyohivyo, hadi Ijumaa.

Mwaka 1998 Carskadon na wenzake walichapisha utafiti ambao, kwa maoni yangu, kila mkuu wa shule angepaswa kuujua. Uliwahusu vijana wa Rhode Island waliokuwa wakitoka darasa la 9, ambako masomo yalianza saa 2:25 asubuhi, kuingia darasa la 10, ambako yalianza saa 1:20. Vijana hao walipimwa maabarani asubuhi, saa ambazo siku ya shule wangekuwa tayari darasani. Karibu nusu yao, angalau mara moja, walitumbukia moja kwa moja kwenye usingizi wa ndoto ndani ya dakika chache. Kwa kawaida mtu hufika kwenye usingizi wa namna hiyo baada ya kulala kama dakika 90, na kuuingia papo kwa hapo ni dalili ambayo madaktari huihusisha na maradhi ya kusinzia ovyo. Vijana wale hawakuwa wagonjwa. Shule ilikuwa imeanza, lakini usiku wa miili yao ulikuwa haujaisha.

Wengi wetu tukisikia hayo tunasema ni simu. Simu na taa kali za usiku huongeza tatizo, hilo ni kweli, kwa sababu mwanga unaoingia machoni usiku huichelewesha saa ya mwili. Lakini twende Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwenye kambi za Wahadzabe ambako usiku hauna taa za umeme. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha walichokiona huko baada ya kuwavisha watu wazima 33 vipimo vidogo vya mkononi kwa siku 20. Katika zaidi ya saa 220 za usiku, ni dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa wakati mmoja. Kilichowatofautisha sana ni umri. Wazee waliwahi kulala na kuwahi kuamka, wenye umri mdogo walichelewa kwa yote mawili. Watafiti wanaona kwamba tofauti hiyo iliilinda kambi, maana karibu wakati wote kulikuwa na mtu aliye macho. Hawa hawakuwa wanafunzi, lakini wanatuonyesha kwamba marika kupishana saa za kulala ni jambo la zamani kuliko balbu.

Mjerumani Till Roenneberg na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba kuchelewa huku hukua hadi karibu miaka 20, kwa wasichana mapema kidogo kuliko wavulana, kisha saa huanza kurudi nyuma. Mtu wa miaka 50 huamka mwenyewe alfajiri, mwepesi, akili safi. Na ni nani hupanga ratiba ya shule? Ni mtu wa miaka 50. Ni mwalimu wa taaluma, mkuu wa shule, ofisa elimu, mzazi kwenye bodi, wote wakiwa watu ambao asubuhi kwao ndiyo saa bora ya kazi. Wanampangia kijana kwa saa ya mwili ambayo yeye hana, kisha akisinzia kwenye Hesabu ya kipindi cha kwanza wanaandika kwenye ripoti kwamba hana bidii. Hapa ndipo ninapoumia.

Mabadiliko yalipojaribiwa, yalifanya kazi. Seattle ilisogeza mwanzo wa masomo ya sekondari mwaka 2016 kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 asubuhi. Wasiwasi wa wazazi ulikuwa kwamba vijana wangeongeza tu muda wa kukesha. Vipimo vya mkononi kwenye shule mbili vilionyesha kwamba walilala kama dakika 34 zaidi kila siku ya shule. Kwenye ile shule yenye wanafunzi wengi wa familia za kipato cha chini, utoro na uchelewaji ulipungua. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2019, ikaanza kutumika Julai 2022, kwamba sekondari za juu zisianze kabla ya saa 2:30.

Walimu nao wana miili. Katika wilaya ya Cherry Creek, jimboni Colorado, mwaka 2017 waligeuza mpangilio: watoto wa msingi, ambao kwa kawaida huamka mapema wenyewe, wakatangulia kuanza saa 2 badala ya saa 3, na sekondari ya juu ikahamishwa kutoka saa 1:10 hadi saa 2:20. Usingizi wa wanafunzi wa sekondari uliongezeka kwa kama dakika 45, wa wadogo haukupungua kwa kiasi cha kutia wasiwasi, na walimu wa sekondari nao wakachelewa kuamka na kulala zaidi. Mwalimu aliyelala anasahihisha kwa makini na ana subira na mtoto mgumu. Ratiba inayomfikisha shuleni saa 12:30 asubuhi kwa sababu ni mwalimu wa zamu, kisha inambakiza hadi jioni kwa masomo ya ziada, inakula nguvu zilezile tunazotaka azitumie darasani.

Lakini hatuhitaji kwenda Colorado. Rwanda imefanya jambo hili mlangoni petu. Mwezi Novemba 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kuanzia Januari 2023 masomo yaanze saa 2:30 asubuhi na kuisha saa 11 jioni, na ofisi zifanye kazi saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, pamoja na saa 1 ya chakula cha mchana. Kabla ya hapo shule nyingi zilianza saa 1. Wakubwa na wadogo walisogezwa pamoja, hivyo mzazi anaweza kumwandaa mtoto bila kuchelewa kazini. La muhimu zaidi, mwisho wa siku haukusogezwa. Kwa nchi zetu za karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima, kusogeza kengele ya mwisho ni kumrudisha binti nyumbani gizani. Rwanda ilipunguza mbele bila kuongeza nyuma.

Kenya ina kanuni nzuri kwenye karatasi. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ni saa 2 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na kwamba shule ya kutwa isimlazimishe mwanafunzi kufika kabla ya saa 1:15. Wa bweni wametengewa usingizi wa saa 3:30 usiku hadi saa 12 asubuhi. Pamoja na hayo, zipo shule nyingi za bweni ambazo taa za madarasa huwaka saa 11 alfajiri kwa ajili ya preps, yaani vipindi vya kujisomea. Tanzania nako, kuwahi namba, usafi, mchakamchaka na paredi humtaka mtoto afike muda mrefu kabla ya kipindi cha kwanza. Sina ugomvi na mchakamchaka, mwanga wa asubuhi na mazoezi huisaidia saa ya mwili. Ugomvi wangu ni na masomo ya alfajiri. Kipindi kinachoibwa kwenye usingizi hakiongezi elimu, kwa sababu ni usingizini ubongo unapopanga na kuimarisha kile ulichojifunza mchana.

Kuna pia hatua ndogo ambazo mwalimu wa taaluma anaweza kuzichukua bila kibali cha wizara. Matokeo ya mitihani ya shule za Denmark, takribani mitihani milioni 2, yalionyesha alama zikishuka kidogo kwa kila saa inayopita, na zikipanda baada ya mapumziko ya dakika 20 hadi 30. Mapumziko basi yana kazi yake, yasiliwe na matangazo. Lakini kwa Kidato cha 3 na cha 4, ambao asubuhi na mapema usiku wa miili yao haujaisha, Hesabu na Fizikia zikae kipindi cha tatu au cha nne, kabla ya mchana, badala ya kipindi cha kwanza.

Mzazi, kikao cha shule kijacho uliza maswali mawili: mwanangu anatakiwa getini saa ngapi, na kwa sababu gani? Ikiwa jibu ni masomo ya ziada ya alfajiri, omba yafutwe. Mwalimu mkuu, wape walimu wa zamu nafasi ya kupokezana ili yule aliyefungua geti asubuhi asiwe ndiye anayelifunga jioni. Na wizara zetu zitume watu Kigali wakaone ratiba ile inavyokwenda, warudi na majibu kabla ya kupanga mwaka mwingine wa masomo.