Kwa nini selimundu ni nyingi Pwani na chache Meru na Embu

Mtoto anapolia mifupa, akavimba vidole na kuishiwa damu kila mara, maneno huanza nyumbani. Mmoja atasema ni jicho, mwingine atasema ni jini, na wapo watakaomgeukia mama: "Kwetu hakuna ugonjwa huu, umekuja nao wewe." Ndoa zimevunjika kwa maneno hayo. Ni vyema basi tuelewe ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu twauita sikoseli, ulivyoota mizizi Pwani, na kwa nini ukipanda hadi Embu na Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, huukuti kwa wingi kama huku.

Aliyeanza kulifumbua fumbo hilo ni Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia hapa Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa udaktari, alifuatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja Mlima Kenya. Wenzake walikuwa na shughuli zao za mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Alipozipima alishangaa. Karibu na bahari na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na alama ya selimundu. Katika nyanda za juu zilizo kati ya pande hizo mbili, hawakufika hata mmoja katika 100.

Kinachofanana Pwani na Ziwani ni joto, maji yaliyotuama na mbu. Mlimani kuna baridi. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 18 hivi, kijidudu cha malaria huchelewa mno kukomaa ndani ya mbu, na mbu hufa kabla hajakiambukiza. Allison alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953 kuchunguza zaidi, na mwaka 1954 akachapisha jibu lake: alama ya selimundu humkinga mtu na malaria kali.

Hebu tuone inavyokuwa. Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni inayotengeneza rangi nyekundu ya damu, moja kwa baba na moja kwa mama. Zamani sana, herufi moja tu ya jeni hiyo ilibadilika. Aliyerithi nakala mbili zilizobadilika, chembe zake za damu hupinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Huyo ndiye mgonjwa. Aliyerithi moja tu, mara nyingi huishi maisha yake yote bila kujijua. Utafiti uliofanywa hapa kwetu Kilifi umeonyesha kwamba mtoto mwenye nakala moja hupungukiwa na hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 90.

Kwa maelfu ya miaka, basi, malaria imekuwa ikichagua nani aishi Pwani. Watoto wasio na kinga walikufa kwa wingi. Wenye nakala moja walikua, wakaoa na kuolewa, wakairithisha. Wataalamu huita jambo hili uteuzi wa asili. Bei yake ni kubwa: wenye nakala moja wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumleta mtoto mgonjwa. Kinga ya mmoja imelipiwa na maumivu ya ndugu yake.

Mlimani biashara hiyo haina faida. Pasipo malaria nakala hiyo haimkingi mtu na lolote, na wanaorithi mbili huumia vilevile. Hapa pana jambo la kufikirisha. Wazee wa Kimeru husimulia kwamba mababu zao walitoka mahali pa bahari paitwapo Mbwaa, na wapo wanahistoria wanaopataja kuwa ni Manda, hapo Lamu. Hadithi hiyo huwekwa kama miaka 300 nyuma, yaani vizazi 12 hivi. Tufanye hesabu ya mfano tu. Watu wahame Pwani, 18 kati ya 100 wakiwa na nakala moja, wakae pasipo malaria, na kila mtoto mgonjwa afe kabla ya kuzaa. Baada ya vizazi 12, wenye nakala moja watakuwa wamebaki kama 9 kati ya 100. Wakichanganya damu na wenyeji wasio nayo, itapungua kwa kasi zaidi.

Je, hilo lina maana kwamba mtu wa Meru na mtu wa Mombasa ni viumbe wa aina mbili? Hasha. Tofauti ya jeni moja haifanyi spishi mpya. Spishi mpya huzaliwa pale makundi mawili yanapotengana muda mrefu, kila moja likafuata njia yake, hadi yakikutana tena hayawezi kuzaa kizazi kamili. Sisi tumeoana tangu enzi za misafara ya pembe hadi leo, na watoto wetu wanazaa bila tatizo.

Waliotengana ni mbu wenyewe. Zamani iliaminika kuwa Anopheles gambiae ni mbu mmoja. Miaka ya 1960 watafiti waliwapandisha mbu wa sehemu tofauti, na baadhi ya wana wa kiume wakatoka tasa. Kumbe walikuwa spishi kadhaa zenye sura moja! Anopheles merus huzaa kwenye maji ya chumvichumvi ya pwani yetu. Anopheles arabiensis amejaa mashamba ya mpunga ya Mwea, chini kidogo ya Embu, na anapenda pia damu ya ng'ombe na kuuma nje ya nyumba. Tulipoanza kulala kwenye vyandarua vyenye dawa, gambiae halisi alipungua sana Kilifi, na hawa wengine wakachukua nafasi. Mageuzi bado yanaendelea, na sisi ni sehemu yake.

Tufanye nini basi? Kwanza, lawama iishe. Mtoto hawezi kuugua kwa damu ya mama peke yake. Lazima na baba awe amechangia. Pili, wanaotaka kuoana wapime damu mapema. Kipimo hakivunji posa, kinawapa wawili hao habari za kupanga maisha yao. Familia ya Pwani iliyohamia Meru mjini ipime vilevile, kwani mtu hasafiri akaiacha damu yake nyumbani. Na wa Meru wasijione wamesalimika wote: Tharaka na Mbeere ni nchi za joto, na siku hizi watu wanaoana kutoka kila upande.

Tatu, aliye mgonjwa hakingwi. Mwenye nakala mbili akipata malaria huwa hatarini kuliko wengine, hivyo alale ndani ya chandarua, apate chanjo na dawa za kuzuia maambukizi, na homa ikianza afikishwe hospitali siku hiyohiyo, asisubirishwe kwa mganga.