RNA Pinzani na Usugu wa Dawa: Suala la Istilahi kati ya Mbarara na Nakivale

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, hufundisha tiba kwa Kiingereza. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Wakongo wengi huwasiliana kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2005, inaitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Makala hii inadai kwamba maarifa kuhusu usugu wa dawa hayatavuka pengo hilo bila istilahi sahihi. Mfano wake ni RNA pinzani.

Katika bakteria, taarifa za jeni hunakiliwa kuwa RNA mjumbe, ambayo ribosomu huisoma ili kuunda protini. RNA pinzani ni RNA, aghalabu fupi, ambayo besi zake huoana na za RNA mjumbe: A hushikana na U, G na C. Zikishikamana, ribosomu hushindwa kusoma, na mara nyingi vimeng'enya huikata RNA mjumbe hiyo. Jeni imenakiliwa, lakini protini haiundwi.

Plasmidi R1, inayobeba jeni za usugu dhidi ya ampisilini na kloramfenikoli, inatoa mfano dhahiri. Mwaka 1986, Kenn Gerdes na wenzake walieleza namna inavyoua seli zinazoipoteza. Jeni ya hok hutoa RNA mjumbe ya sumu, nayo hudumu. Sok hutoa RNA pinzani inayoizuia, lakini huvunjika upesi. Plasmidi ikipotea, sok haitengenezwi tena, RNA ya hok husalia, sumu huundwa na seli hufa. Kwa hiyo plasmidi huweza kudumu katika vizazi vya bakteria hata dawa isipotumika.

Tafsiri sisisi, “RNA isiyo na maana”, ingepotosha, kwani RNA hii ina kazi mahususi. “Kinzani” nalo lingechanganywa na “ukinzani”, neno ambalo baadhi ya waandishi hulitumia kwa maana ya usugu. “Pinzani” hutaja kazi bila utata huo.

Athari kwa sera ni bayana. Ujumbe wa afya usiahidi kwamba usugu utatoweka dawa ikipumzishwa. Usisitize kuuzuia mapema, kwa kutumia viuavijasumu kwa maelekezo ya mhudumu wa afya pekee. Inapendekezwa wahadhiri wa Mbarara na wakalimani wa Nakivale waandae pamoja faharasa ya istilahi hizi.