Usifungue Ndiva Kabla Haijajaa

Wakati wa kiangazi vijito vya Upare wa Kusini huwa vyembamba. Maji yakiachwa yatiririke moja kwa moja kwenye mfereji, udongo huyanywa kabla hayajafika kwenye mahindi. Ndiyo maana wazee wa Vudee, Bangalala na vijiji vingine vya wilaya ya Same walijenga ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito. Usiku bwawa linafungwa, linajaa polepole. Asubuhi linafunguliwa, na maji yaliyokusanyika yanakwenda kwa nguvu hadi shamba la mwenye zamu.

Mwandishi wa riwaya anayejichapishia mwenyewe ana shida hiyohiyo, hasa yule mwalimu, muuguzi au mwenye duka anayeuza hadithi kwa sehemu kwenye WhatsApp. Muda wake ni nusu saa hapa, saa moja pale watoto wakishalala. Akimaliza sehemu usiku, anairusha usiku uleule. Wasomaji wanalipa kwa simu, wanafurahi, wanadai nyingine kesho. Wiki ya tatu mtoto anaugua, au madaftari ya kusahihisha yamerundikana, na kundi zima linalalamika. Wengi huponea hapo kwa kuwaua wahusika wote waliobaki katika ajali moja ya gari.

Tupige hesabu. Mwenye kazi nyingine akiandika maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, anapata maneno 2,500. Tuseme sehemu moja ina maneno 1,000. Akiahidi sehemu kila siku, anadaiwa maneno 7,000 kwa wiki, na hapo hata nidhamu ya jeshini haimwokoi: deni limezidi kipato tangu siku ya kwanza. Aahidi tatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Bado amepungukiwa maneno 500. Basi aandike kimya kwa wiki sita kabla ya kutangaza chochote, awe na sehemu 15 kibindoni. Hadithi ya sehemu 40 itachukua wiki 13 na ushei kutoka, na katika wiki hizo ataongeza sehemu nyingine 33 kwa kasi yake ileile. Jumla 48. Hizo nane za ziada ni nafasi ya wiki tatu za homa, msiba au safari ya ghafla, na msomaji hatajua kitu.

Lakini faida kubwa ya akiba, kwa maoni yangu, si utulivu wa moyo. Ni ufundi. Mara nyingi mwandishi anajua muuaji ni nani anapofika sehemu ya 14. Kama sehemu ya nne bado iko kwake, anarudi kutupia humo kovu mkononi mwa shemeji mtu, au ufunguo uliosahaulika mezani. Ikishatumwa, imetoka. Kinachofuata ni mapacha wa kubambikiza na ndoto zinazoeleza kila kitu.

Kujichapishia si jambo geni kwetu. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alikuwa mwanahabari, mtunzi wa riwaya za Joram Kiango na mwenye Heko Publishers, yote kwa mpigo. Eric Shigongo alijenga wasomaji kwa hadithi za mfululizo katika magazeti ya kampuni yake, Global Publishers. Elvis Musiba, mtunzi wa riwaya za Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara. Walikuwa na pilikapilika kama zetu. Walichotuzidi ni umbali: msomaji wa riwaya yake Kufa na Kupona hakuweza kumtumia Musiba ujumbe saa tano usiku kuuliza kama Willy atapona.

Kwa hiyo saa ya kuuza isikutane na saa ya kuandika. Miamala, majibu ya wateja, jalada na matangazo vipewe nusu saa yao, na wakati wa kuandika data izimwe. Ni saa ngapi? Sina imani na ushauri wa kumwamsha kila mtu saa kumi alfajiri. Kwa mama anayewahi maji na chai ya watoto, hiyo saa kumi si yake. Ashike saa yoyote inayorudi kila siku bila kugombewa.

Kalenda nayo izingatiwe. Kwa anayelima, Julai hadi Septemba kazi za shamba la mvua hupungua, kabla ya vuli. Akianza kuandika mwanzoni mwa Julai, katikati ya Agosti akiba imetimia na kundi linafunguliwa. Maneno 40,000 yanahitaji wiki 16, kwa hiyo Oktoba ikielekea ukingoni ameandika la mwisho, ilhali wasomaji watapata sehemu ya 40 katikati ya Novemba. Wiki hizo za katikati ni za kuigeuza hadithi kuwa kitabu: mhariri, mpangaji wa kurasa, COSOTA kwa hakimiliki, na ISBN kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba. Kazi imfikie mchapaji mapema, nakala ziwe zimeshuka Same kabla mabasi ya Desemba hayajaanza kurudisha watu nyumbani, wenye likizo na vijisenti mfukoni.