Pikipiki Ikikohoa Unapoongeza Mafuta

Kama kikundi chenu kina pikipiki kubwa ya zamani ya silinda moja, kama Yamaha XT 500 iliyoanza kuuzwa miaka ya 1970, pengine mmeona ikisita na kukohoa mkiongeza mafuta ghafla. Mkiwa mlimani na mzigo, hiyo ni hatari. Lakini msikimbilie kununua kabureta mpya!

Ukivuta mafuta ghafla, hewa huingia upesi kuliko petroli. Jeti ndogo ya kabureta ikiwa imeziba, injini hupata hewa nyingi na petroli kidogo, ndiyo maana inakohoa.

Tunashauri mfanye hivi. Injini iwe baridi, petroli ifungwe, na moto uwe mbali:

1. Safisheni kichungi cha hewa.

2. Mwageni petroli iliyo ndani ya kabureta. Mkiona maji au mchanga, osheni tangi pia.

3. Toeni jeti ndogo, ioshwe kwa petroli na kupulizwa kwa pampu. Msitumie waya, utapanua tundu.

4. Kagueni mpira ulio kati ya kabureta na injini. Ukiwa na ufa, hewa hupenya, wekeni mwingine.

Ikiendelea kukohoa, fundi apime vali na plagi. Tuanze na usafi, pesa za kikundi zisipotee bure.